Sacco imekula akiba yako? Hivi ndivyo utaifuata mpaka wakujibu

Mamkubwa wangu ana meza ya mboga soko la Kongowea hapa Mombasa, na kila siku kijana wa sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, hupita pale kabla ya adhuhuri kuchukua shilingi 300. Anaandika kwenye kijitabu, anatia sahihi, anaenda meza ya pili. Mwaka jana mwezi wa kumi mamkubwa akaenda kuomba mkopo wa karo akaambiwa akiba yake haijafika. Yeye hesabu zake anazo kichwani, akasema mbona imefika na ikapita, wakamwambia mama sistimu ndiyo inasema hivyo. Akarudi nyumbani kimya, na mamkubwa akiwa kimya ujue jambo limemuuma kweli.

Usiku baada ya Isha tukakaa barazani, yeye na kijitabu chake, mimi na stetimenti tuliyochapishiwa kule ofisini na kalamu nyekundu. Yeye anataja tarehe mimi natafuta. Tarehe 3, ipo. Tarehe 4, ipo. Tarehe 5? Haipo. Tukaenda hivyo kutoka mwezi wa nne mpaka wa tisa, na tulipomaliza tulikuwa na siku 23 ambazo kijitabuni zina sahihi ya mkusanyaji na kwenye stetimenti hazimo kabisa. 23 mara 300 ni 6,900. Halafu mamkubwa akaona kitu ambacho mimi sikukiona, karibu zote ni Ijumaa na Jumamosi, yaani zile siku ambazo pesa inalala na mkusanyaji mpaka ofisi ifunguliwe Jumatatu.

Kwa gazeti 6,900 si habari. Kwa mama anayeamka saa tisa usiku kuwahi lori la mboga ni siku 23 za mwili wake, na mimi jambo hili linanichoma kwa sababu nshaona watu wengi wanaibiwa hivi hivi kidogo kidogo na wanaishia kusema namuachia Mungu. Zile pesa tulizifuata na zikarudi. Njia tuliyopita naiandika hapa yote, maana naulizwa sana, na watu wa sacco za matatu, wa tuktuk, walimu, vijana wa bandarini, na karibu wote wamekosea pahali pamoja, wameenda kuuliza kwa mdomo.

Mwanzo ujue unadaiana na nani

Hili watu wanaliruka halafu wanapoteza miezi wakizunguka ofisi zisizowahusu. Kama pesa zako ziko benki, msimamizi ni Benki Kuu, CBK. Kama ziko kwenye sacco kubwa inayochukua akiba na kukuwekea kaunta ya kutoa pesa kama benki, msimamizi ni SASRA, mamlaka iliyoundwa na Sheria ya Sacco ya 2008. Tangu 2021 SASRA inasimamia pia zile sacco ambazo hazina kaunta lakini akiba za wanachama zimepita shilingi milioni 100. Zilizobaki, zile ndogo, ziko chini ya Kamishna wa Ushirika na ofisi ya ushirika ya kaunti. Na kama ni chama chenu tu cha kuzungushiana pesa hakikusajiliwa kama sacco, hapo hakuna mamlaka ya kukimbilia, unadai watu.

Kila mwaka SASRA inatoa orodha ya sacco zenye leseni, iko kwenye tovuti yao na kwenye Gazeti la Serikali. Itafute sacco yako humo kwa jina kamili lililo kwenye risiti, maana kuna wanaojiita jina la kufanana na sacco kubwa. Ukilikosa na wao wana kaunta na wanapokea akiba kila siku, usiongeze hata shilingi moja, na fanya haraka haya yanayofuata.

Karatasi

Kusanya kila kitu kabla hujaenda kuonana na mtu. Stetimenti ya sacco ya muda wote unaoulizia. Kijitabu. Risiti. Slipu za mshahara kama unakatwa kazini, na hapa angalia sana, kuna waajiri wanaokata pesa kwa mfanyikazi na hawaipeleki sacconi, mtu anaenda kuwagombeza sacco kumbe mwizi yuko kwa ofisi anayofanyia kazi. Kama ulikuwa ukilipa kwa M-Pesa bonyeza *334# uombe stetimenti, itakuja kwa emaili, na ile ni ushahidi mzuri sana kwa sababu ina nambari ya kila muamala na hakuna karani anayeweza kuifuta.

Kijitabu asili usimpe mtu. Nasema tena, usimpe mtu, hata akikwambia anakipeleka ofisini kukijaza upya, hata kama ni mtoto wa jirani na mnasali msikiti mmoja. Kipige picha ukurasa kwa ukurasa na tarehe zionekane, tuma hizo picha kwa emaili yako mwenyewe au kwa mtu unayemuamini, kisha toa kopi za karatasi. Kuna mama mmoja hapo hapo Kongowea alitoa kijitabu chake kikaenda "kusawazishwa", kikarudi kipya kabisa, safi, kimeandikwa mwandiko mmoja na kalamu moja, na zile siku zake hazimo tena. Alilia pale mezani na hana cha kuonyesha.

Ukishakuwa nazo kaa na mtu mwingine mlinganishe kama tulivyofanya sisi, mmoja anasoma mwingine anaweka alama. Peke yako utachoka na utaruka mstari. Usiangalie jumla ya mwisho peke yake. Angalia siku gani zimekosa, nani alipokea, makato gani yametolewa ambayo hukuambiwa, na kama una mkopo angalia riba imeanza kuhesabiwa lini na ada za "kushughulikia" zimekatwa mara ngapi. Nilikuta mtu mmoja amekatwa bima ya mkopo mara mbili kwa mkopo mmoja. Alikuwa hajui hata kama kuna bima.

Barua, na ule muhuri

Sisi kabla ya barua tulishaenda mara tatu. Mara ya kwanza sistimu iko chini, mara ya pili anayehusika yuko likizo, mara ya tatu njoo Jumanne. Na siku ya nne ungeuliza ungeambiwa hujawahi kufika hapa, na ungekuwa huna cha kuwaonyesha. Kwa hivyo andika. Iwe fupi, ukurasa mmoja, bila matusi na bila kumwita mtu mwizi hata kama unajua ni mwizi. Hii ndiyo tuliyoandika, toa maneno yetu utie yako:

*Kwa Meneja. Mimi ni mwanachama nambari (weka yako). Kati ya mwezi wa Aprili na Septemba mkusanyaji wenu alipokea kwangu shilingi 300 kwa siku 23 ambazo hazimo kwenye stetimenti yangu. Tarehe zote nimeziandika ukurasa wa pili na kopi za kijitabu chenye sahihi yake nimeziambatisha. Jumla ni shilingi 6,900. Naomba mnijibu kwa maandishi ndani ya siku 14 mambo matatu: pesa hizi ziliingia wapi, nani alizipokea ofisini, na lini zitawekwa kwenye akaunti yangu. Nisipojibiwa nitaipeleka barua hii kwa Kamishna wa Ushirika na kwa SASRA.*

Basi. Usiongeze hadithi ya shida zako, ya karo na ya kodi ya nyumba, hata kama ni kweli, maana ukianza hivyo wanakujibu kama mtu anayeomba msaada wakati wewe unadai chako. Na iandike kwa Kiswahili kama ndiyo unayoitamka vizuri. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, hakuna karani wa kukwambia rudi uandike upya.

Toa nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanapiga muhuri wa kupokea na tarehe na jina la aliyepokea, unarudi nayo. Hapa ndipo penye vita vyenyewe. Yule karani alituambia wacheni tu hapo, meneja ataiona. Nikamwambia twataka muhuri kwa nakala yetu. Akasema muhuri anao meneja na meneja ametoka. Mamkubwa akavuta benchi akakaa, akaweka mkoba mapajani, akamwambia kwa upole, "Basi ntamngoja mwanangu, leo sikufungua meza." Wateja wanaingia wanatoka wanamuona amekaa pale. Dakika kama arubaini hivi, yule karani akafungua droo ya meza yake mwenyewe, akatoa muhuri, akapiga.

Wakikataa kabisa, ipige picha barua ikiwa juu ya kaunta yao, kisha itume siku hiyo hiyo kwa emaili rasmi ya sacco, na nyingine kwa rejista ya posta, ile slipu ya posta ndiyo muhuri wako. Simu usitegemee. Wakikupigia kukwambia tunashughulikia, sema asante naomba mniandikie, halafu wewe mwenyewe uwatumie emaili ya mistari miwili: leo saa nne asubuhi nilipigiwa na fulani akaniambia hivi na hivi. Wasipokanusha, imebaki kwenye rekodi.

Siku ya tisa wakapiga simu. Wiki ya tano 6,900 ikaonekana kwenye akaunti. Hawakueleza ilikuwa wapi.

Wakikulipa wewe usiishie hapo

Hili ndilo nnaloliona kubwa kuliko hata ile 6,900. Mamkubwa alipowaambia wenzake pale sokoni, wanawake 11 wakaleta vijitabu vyao, na tisa kati yao walikuwa na mashimo yale yale ya Ijumaa na Jumamosi. Yule kijana alikuwa akipita meza ngapi? Na aliyekuwa akipokea pesa kwake Jumatatu alikuwa hahesabu? Mtu mmoja akilipwa kimya kimya shimo linabaki na linazibwa na akiba za wengine ambao hawajauliza. Ndiyo maana viongozi hupenda kukumalizia wewe peke yako haraka, na wakati mwingine wanakuletea fomu utie sahihi kwamba umeridhika na hutasema lolote. Pokea pesa zako, ni zako. Fomu ya kukufunga mdomo usitie sahihi, andika tu "nimepokea shilingi 6,900" na tarehe.

Kisha ombeni vitabu. Wanachama wengi hawajui kwamba kifungu cha 21 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490, kinampa kila mwanachama haki ya kupata taarifa halali za chama, zikiwemo sheria ndogo, kumbukumbu za mikutano mikuu, hesabu za mwaka na ripoti za uchunguzi, pale pale ofisi kuu ya sacco. Wewe ni mwenye chama, hao waliokaa nyuma ya kioo umewaajiri. Andikeni barua nyingine, nakala mbili, muhuri.

Mkishapata hesabu za mwaka zilizokaguliwa msiogope zile kurasa nyingi, kuna sehemu chache za kuangalia na mtoto wenu wa form four aliyesoma biashara anaweza kuwasaidia. Angalieni mikopo waliyopewa viongozi na wafanyikazi, imeandikwa kando kwenye maelezo ya mwisho, ni kiasi gani na je inalipwa. Angalieni alawansi na safari za kamati mwaka huu na mwaka jana. Angalieni kitu kinachoitwa wadaiwa wengineo, pale ndipo pesa iliyopotea inapofichwa kwa muda, kama inakua kila mwaka na haina maelezo ulizeni jina kwa jina. Angalieni pia mikopo mibovu, sacco ikisema wanachama wake karibu wote wanalipa vizuri na nyinyi mnajua hali ilivyo mtaani, kuna kitu. Na gawio: kama faida ya mwaka ni ndogo na gawio linalotangazwa ni kubwa la kushangiliwa, ulizeni linatoka wapi, maana linaweza kuwa ni akiba zenu wenyewe mnarudishiwa mkipigiwa makofi.

Halafu jina la mkaguzi. Msipite tu pale kwenye sahihi. Mnakumbuka mambo ya Kuscco, ule muungano ambao sacco nyingi zilikuwa zimeweka pesa zao huko? Uchunguzi uliofanywa na kampuni ya ukaguzi ya PwC, uliotoka hadharani mwanzo wa 2025, ulionyesha upotevu wa shilingi bilioni 13.3, hesabu zimepikwa miaka na miaka, na kati ya yaliyokutwa ni sahihi ya mkaguzi ambaye alikuwa ameshakufa. Marehemu anapitisha hesabu na hakuna aliyepiga simu kuuliza. Kwa hivyo chukueni jina la kampuni ya ukaguzi, mtafute kwenye orodha ya wahasibu wenye leseni ya ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, iko mtandaoni, mpige simu muulize ni nyinyi mliokagua sacco fulani mwaka fulani? Ni simu ya dakika tano. Na swali jengine la kuuliza sacco yenu mwaka huu, tuliweka ngapi Kuscco, na hesabu zetu zimeandika hasara ngapi kwa hilo? Mkijibiwa kwa kuzungushwa, andikeni.

Mkutano wa mwaka

Ile Sheria ya Vyama vya Ushirika inataka mkutano mkuu ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa hesabu kuisha, na notisi ya maandishi ya siku 15 angalau. Notisi ya kubandikwa ukutani Alhamisi kwa mkutano wa Jumamosi, andikeni kuipinga mapema.

Nshahudhuria mikutano hii mingi na najua inavyokwenda. Watu wanaitwa saa mbili, mwenyekiti anaanza saa tano, hotuba za wageni mpaka adhuhuri, hesabu zinasomwa mbio mbio njaa imeshapanda na harufu ya pilau inaingia ukumbini, kuna mtu wao amepangwa kusimama kusema "napendekeza tupitishe" na mwingine "naunga mkono", nauli ya 500 inagawiwa mlangoni, imeisha. Kwa hivyo msiende kila mtu kivyake na hasira zake. Kaeni kabla, chagueni maswali matatu tu, yaandikeni, yapelekeni ofisini kwa muhuri wiki moja mbele, na siku ile mtu mmoja mtulivu asimame ayasome na amalize kwa kusema naomba swali hili na jibu lake viandikwe kwenye kumbukumbu. Wengine wakae karibu yake waunge mkono mara moja. Anayepiga kelele anatolewa nje na mabaunsa na kesho inasemwa ni wafuasi wa mgombea fulani.

Na jambo hili lishikeni sana: kifungu cha 58 cha ile sheria kinasema thuluthi moja ya wanachama waliohudhuria na kupiga kura kwenye mkutano ulioitishwa ipasavyo wanaweza kuomba Kamishna afanye uchunguzi. Thuluthi, si lazima muwe wengi ukumbini. Uchunguzi ukionyesha kiongozi amepoteza au amechukua pesa za chama, kifungu cha 73 kinamruhusu Kamishna kumtoza yule mtu binafsi azirudishe kutoka mfukoni mwake. Viongozi wanalijua hili vizuri kuliko nyinyi.

Wapi pa kupeleka

Siku 14 zikipita bila jibu, au jibu likija la kuzunguka, chukua nakala zako zenye muhuri anza na ofisi ya ushirika ya kaunti, halafu malalamiko ya maandishi kwa SASRA kama sacco iko kwenye orodha yao, kama haiko ni kwa Kamishna. Ambatisha barua yako ya kwanza. Wakiona ina muhuri wanajua hujaruka ngazi.

Kesi ya kudaiana kati ya mwanachama na sacco yake inaenda Mahakama ya Ushirika. Watu wengi hukimbilia Mahakama ya Madai Madogo kwa sababu wamesikia ni rahisi, na kweli ni rahisi, inasikiza madai mpaka shilingi milioni moja, sheria inaipa siku 60 kumaliza, na unaweza kujisimamia bila wakili, lakini mgogoro wa sacco unaweza kurudishwa. Ile ni nzuri kwa mweka hazina wa chama chenu aliyepotea na pesa, au rafiki uliyemkopesha.

Kama kuna sahihi imeghushiwa au pesa zimeibwa wazi wazi, nenda kituo cha polisi uandikishe na usitoke bila nambari ya OB, kile kitabu chao cha matukio. Kama ofisi ya serikali ndiyo inakukalia kimya, Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman, ina ofisi hapa Mombasa na haidai pesa. Afisa akikuomba chai ili faili yako isogee, EACC, tume ya kupambana na ufisadi, nao wako mjini hapa. Usiitoe hiyo chai. Ukishaitoa umeshaingia upande wao na hutaweza tena kusimama na barua yako ukaisoma kwa sauti.

Kama ni benki

Njia ni ile ile, barua kwa meneja wa tawi, muhuri, kisha makao makuu, kisha CBK, ambao wana tawi hapa hapa mjini. Nitapita haraka, lakini kuna mambo mawili watu wanaumizwa kwa kutojua.

La kwanza ni riba. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo: mkopo ukishakuwa mbovu, riba inayodaiwa kutoka hapo haiwezi kupita kiasi cha deni la msingi kilichokuwa kimebaki. Ulikuwa umebakisha laki moja ulipokwama, riba mwisho wake laki nyingine. Juu ya hapo ni zile gharama za kufuatilia deni tu. Kuna watu wameuziwa nyumba zao Kisauni na Bamburi kwa deni lililovimba na hakuna aliyekaa chini kupiga hesabu hii. Iombe benki mchanganuo wa deni kwa maandishi, msingi ulikuwa ngapi siku uliyokwama, riba ngapi, gharama ngapi. Kabla ya dalali, si baada.

La pili, bima ya amana. KDIC, shirika la serikali la bima hiyo, inalinda mpaka shilingi 500,000 kwa kila mtu kwa kila benki, tangu 2020, kabla ya hapo ilikuwa 100,000. Pesa ya sacco haimo kwenye bima hiyo. Imperial Bank ilipowekwa chini ya urasimu, yaani kuchukuliwa mikononi mwa wenyewe na kupewa msimamizi, Oktoba 2015, wiki chache baada ya mkurugenzi wake kufariki na siri ya miaka mingi kufunuka, wenye amana walizungushwa miaka, na benki ikaishia kufilisiwa 2021. Ile ni benki iliyokuwa na leseni, wakaguzi, kila kitu. Sikuambii utoe pesa benki uziweke chini ya godoro, nasema ukiwa na zaidi ya nusu milioni zigawe.

Na kuwajibika kwao kuna mipaka yake, ujue tu. Mwaka 2018 CBK ilizipiga benki tano faini ya jumla ya shilingi milioni 392.5 kwa jinsi zilivyopitisha pesa za kashfa ya NYS, ile Huduma ya Vijana kwa Taifa. Wewe ukienda kutoa milioni moja yako halali utaulizwa unaipeleka wapi na ulete makaratasi. Faini ililipwa na benki, yaani mwisho wake ni pesa ya wenye hisa. Hasira hiyo iweke kwenye barua yako kama swali, utapata zaidi kuliko kuimwaga kwa yule dada wa kaunta ambaye hata yeye mshahara wake haumtoshi.

Mtandaoni

Najua kishawishi cha kupost jina na picha ya mwenyekiti kwenye Facebook au kwenye grupu la mtaa. Usifanye kabla hujawa na karatasi mkononi, na hata ukiwa nazo, andika kilichotokea na tarehe, usiandike fulani ni mwizi. Nimeona mtu aliyeibiwa kweli akaishia kuwa mshtakiwa, wakili wa upande ule akamwandikia barua ya kumtaka aombe radhi, na akili yake yote ikahamia huko, zile pesa zake zikasahauliwa.

Grupu la Watsapu ni zuri kwa kazi nyingine. Wale wanawake 12 wa Kongowea sasa wana lao. Kila Jumamosi jioni kila mmoja anapiga picha ukurasa wa wiki wa kijitabu chake anautuma, na mwisho wa mwezi mjukuu wa mmoja wao analinganisha na stetimenti zote. Mkusanyaji ni mwingine siku hizi, anajua kuhusu hizo picha, na anaandika akiwa amesimama pale pale mbele ya mwenye meza. Barua yao ya kuomba hesabu za mwaka na orodha ya mikopo ya viongozi ilipigwa muhuri wiki iliyopita, safari hii bila kungoja kwenye benchi. Mkutano mkuu ni mwezi wa nne. Maswali matatu wameshayaandika, na atakayesimama kuyasoma ni mamkubwa.